Chama cha Bwana Harlan

Mwaka wa 1996 nilikuwa mpishi wa mzee mmoja Mmarekani, Bwana Harlan, aliyepanga ghorofa katika mtaa wa Ndia Kuu. Alikuwa ametengana na bintiye wa pekee, Ruth, kwa ajili ya siasa. Mzee aliuza shamba la familia huko kwao, nusu ya fedha akakipa chama chake. Ruth alikuwa wa chama pinzani. Siku shamba lilipouzwa alimwambia babake asimtafute tena.

Kila mwezi zilikuja barua za chama, zikimwita rafiki mpendwa na kumwomba mchango mwingine. Kutoka kwa Ruth haikuja hata moja.

Mwezi wa Novemba walipiga kura kwao, na chama cha mzee kikashindwa. Wiki iliyofuata nilimpelekea chai asubuhi, nikamkuta amefariki kitandani. Alasiri nilikwenda posta, nikampigia Ruth simu kwa nambari niliyoikuta katika daftari la mzee, kwa Kiingereza changu kidogo.

"Mimi Kadzo, mpishi wa babako. Amefariki. Pole sana, dada."

Akauliza: "Aliniachia neno lolote?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "La," nikamwambia.

"Basi mzikeni huko huko."

Hakulia. Wala mimi sikulia. Tulimzika watu watatu: kasisi, mwenye nyumba na mimi. Kisha nilirudi nikakunja shuka zake, nikafunga madirisha, nikakabidhi funguo. Nyumbani waliponiuliza nina nini, niliwaambia sina kitu.