Chumba cha Juu, Mwezi wa Juni

Kila mwaka ikifika katikati ya Juni, sisi tunahamia chini. Tunabeba magodoro, sufuria mbili, redio, picha ya Bikira Maria na nguo za kazi, tunashuka ngazi kumi na nne za mawe mpaka kwenye konoba, ghala ambamo marehemu baba mkwe aliweka mapipa ya divai na nyavu zake. Tunakaa humo hadi Septemba. Vyumba vya juu, vyenye madirisha ya mbao ya kijani yanayotazama ghuba, wanalala wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu Dalmatia, pwani ya Kroatia, mgeni akija mwenyeji anashuka ghalani, na akipona ni bahati yake.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Ah, nalalamika, nidanganye ya nini? Nina miaka hamsini na nne, na majira ishirini na tisa ya joto nimeyalala kwenye kuta zinazotoka jasho, huku mchana nikiandika kwa mkono wangu mwenyewe jinsi nchi yetu ilivyojaliwa jua.

Maana ndiyo kazi yangu. Mimi Vinka ni karani wa ofisi ya utalii ya kijiji, na kila mwaka kabla ya Pasaka naandika kijitabu cha kuitambulisha Kroatia kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Visiwa zaidi ya elfu moja. Bahari unayoweza kuhesabu vidole vya miguu yako ndani yake. Mizeituni, dagaa wa kuchoma, watu wakarimu. Hapo kwenye watu wakarimu kalamu yangu huwa inagoma kidogo, kisha naisukuma.

Mwaka huu mkuu wangu, Jakša, mwanamume anayetembea na miwani ya jua kichwani hata ndani ya ofisi, alitaka kitu kipya.

"Weka na fjaka," aliniambia. Fjaka ni ule ulegevu wa saa nane mchana, jua likiwa limepiga mawe mpaka mtu anauachia mwili ukae tu, hautaki hili wala lile. "Watu wa kaskazini wanaulilia huo, Vinka. Wana haraka mno wale."

"Kwa hiyo niandike tunauza uvivu."

"Andika ni hali ya roho."

"Mimi mara ya mwisho kuwa na hali hiyo nilikuwa nina mimba."

"Basi kumbuka ilikuwaje," akasema, akaenda zake kunywa kahawa.

Nikaandika. Niliandika kurasa mbili nzima kuhusu kupumzika, na nilipomaliza sikuweza kusimama bila kushika meza. Fjaka ni raha, mtu anaingia na kutoka. Yangu mimi ilikuwa kuchoka, na sikuuona mlango wa kutokea.

Nyumbani mwaka huu kulikuwa na jambo zito. Mama mkwe wangu, Lukre, ana miaka themanini na tisa. Ndiye aliyeanza mambo haya ya wageni. Alipofiwa na mumewe Ante, alichukua kipande cha boksi, akaandika "vyumba" kwa lugha nne, akawa anasimama nacho gatini kila meli ikifika, yeye na wajane wenzake wamepanga mstari, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake asimwibie mgeni wa Kijerumani. Tangu hapo hakuna msimu wa wageni hata mmoja aliolala juu. Mwezi wa pili mwaka huu alishikwa na kichomi. Alipona nusu, miguu ikakataa, na akili ikaanza kwenda na kurudi. Daktari wa kisiwa aliniita pembeni.

"Konoba asahau," alisema. "Ule unyevu utammaliza. Nimekwambia wewe, Vinka, kwa sababu Frane hanisikilizi."

Frane ni mume wangu. Anafunga kamba kwenye feri inayotuunganisha na mji wa Split, ng'ambo, mtu mpole, ila akishatoa ahadi ni kama amepigiliwa msumari. Na chumba kikubwa cha juu, alicholazwa mama yake, alikuwa amewaahidi Bohumil na mkewe Dagmar, Wacheki waliokwisha kuja kwetu mara kumi na tisa. Hujaza buti la gari makopo ya nyama ya kusaga kutoka kwao, wanakula makopo yao barazani kwetu, na wakiondoka Dagmar hulia. Wahenga walisema tena mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ya tatu tunampa taulo safi.

Tulilizungumza Jumamosi jioni uani, mimi nikimenya viazi, yeye akitoa matumbo ya dagaa.

"Wapigie simu," nilimwambia. "Sema mama mgonjwa."

"Watu wameshatoka kwao, Vinka. Wako njiani, wanalala kwa ndugu yao Austria. Wameagana na majirani, wamempeleka na mbwa kwa wa kumtunza."

"Mbwa wao ana pa kulala. Mama je?"

"Wageni wangekuwa wa mwaka mmoja ningewaambia. Miaka kumi na tisa! Nitawaweka wapi? Chumba kidogo kina Wapolandi. Kijijini hata banda la mbuzi limejaa."

"Mama atakufa kule chini, Frane."

"Usimtabirie mama yangu."

Dirisha la juu likafunguliwa. Hatukujua kwamba anaweza kulifikia kutoka kitandani.

"Nyie wawili mnabishana nini?" Lukre aliuliza. "Mimi nashuka."

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari ni mtoto wa Split, anajua nini kuhusu konoba yangu? Mgeni analala juu. Tangu lini mimi nikalala juu mwezi wa sita? Watu watasema Lukre amekuwa bibi mkubwa." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, acha kumchosha mume wako. Pasi mashuka."

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi. Ningeweza kukataa. Nyumba ile inasimama juu ya mgongo wangu, ningeweza kuangusha ndoo katikati ya ua na kusema hashuki mtu. Lakini nilikuwa nimechoka, na mama alikuwa amesema mwenyewe, na kitu fulani ndani yangu kikakaa chini kwa nafuu. Nikasema sawa, mama. Nikaenda kupasi mashuka.

Jumapili baada ya misa Frane alimbeba mama yake hadi konoba. Tuliweka kitanda chake karibu na mlango apate hewa. Jumatatu alikohoa. Jumanne alikohoa na kuniita Jerka, jina la dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa, akaniuliza kama mbuzi wamekamuliwa. Nikamwambia wamekamuliwa. Jumatano ilikuwa siku ya Wacheki, feri ya saa sita mchana. Nilifungua ofisi, nikawapa Wafaransa wawili vijitabu vyangu, mmoja akafungua ukurasa wa fjaka akatabasamu akamwonyesha mwenzake. Saa nne nilifunga mlango nikarudi nyumbani bila kumuaga Jakša.

Nilimkuta mama midomo imebadilika rangi. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega.

Nilimpigia Frane, simu ikaita tu. Wakiwa kazini wanaziacha kabatini. Nilimpigia daktari. Kisha nikachuchumaa, nikamvuta mikono yake ikazunguka shingo yangu, nikampandisha mgongoni. Ngazi kumi na nne. Ya saba nilikaa, yeye juu yangu, tukapumua wote wawili. Hakuwa mzito hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja moyo, kwa sababu mwanamke yule aliwahi kunipita akiwa na gunia la zabibu begani huku ananicheka. Nilimlaza kwenye kitanda kikubwa, kwenye mashuka niliyowapigia wengine pasi.

Daktari alikuja, akachoma sindano, akakunja stetoskopu yake polepole.

"Alale hapa hapa," alisema. "Ni siku, Vinka. Sizungumzii wiki."

Nilimpa kahawa, hakuinywa. Alipoondoka nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa na mambo ya kufanya, lakini sikuyafanya hata moja. Honi ya feri ikalia, nami nikabaki nimekaa.

Lukre alifumbua macho. Nilikuwa nimefungua mbao za madirisha kumpa hewa, na ghuba yote ilikuwa wazi mbele yake, nyeupe kwa jua, na mashua za watu zimetia nanga. Akaitazama kwa muda mrefu. Kumbuka kwamba tangu awe mjane hajaiona bahari ya msimu wa wageni kutoka kwenye mto wa kitanda kile.

"Pazuri hapa," alisema.

"Pazuri, mama."

Aligeuka akanitazama kwa ile adabu ambayo mtu anayo kwa asiyemjua. "Dada, wewe ndiye unayesafisha?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mashuka yananukia. Mungu akubariki mikono. Kisiwa hiki kinaitwaje?"

"Brač."

"Nimewahi kusikia. Kikoje?"

Mara ishirini na mbili nimeiandika nchi hii kwa ajili ya wasioijua, na kwenye kichwa changu sikupata hata sentensi moja ya kijitabu. Nikamwonyesha kwa kidole. "Lile pale ni gati. Wanawake walikuwa wanasimama pale kuwasubiri wageni, hata mvua ikinyesha. Nyuma ya kanisa, ule ukuta wa mawe, kuna mizabibu ya Ante. Mawe yote yale yalitolewa shambani kwa mikono, yeye na mkewe."

"Huyo Ante alikuwa mtu gani?"

"Mvuvi. Mtu mwema. Alikuwa anaimba vibaya kanisani, watu wakimvumilia."

Lukre akacheka, cheko likageuka kikohozi, nikamshika kifua mpaka kikatulia. "Ana mke?"

"Anaye."

Nyuma yangu mlango ulifunguliwa. Frane alisimama akiwa na sare ya feri, begi la Bohumil mkono mmoja na la Dagmar mkono mwingine. Aliona kitanda, akaniona mimi, uso ukamjaa hasira na woga kwa pamoja.

"Watu wako uani," alininong'oneza. "Kwa nini umempandisha? Tumshushe taratibu kabla hawajapanda."

Kabla sijajibu, mama yake akamwona, akaona na mabegi. Akajitahidi kuinuka kwenye mto, kama mtu aliyekutwa amechelewa kutoka.

"Samahani, bwana mizigo," alisema. "Hao ndio wageni wanaofuata?"

Frane akafungua mdomo.

"Ndiyo, mama," nikasema mimi.

"Nimejisahau kwa uzuri wa mahali. Hebu niambieni, mwenye nyumba mwenyewe analala wapi?"

Mume wangu alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia.

"Chini," akasema. "Kwenye konoba."

"Ni mzee?"

"Mzee."

"Ana watoto?"

"Mmoja."

Lukre akafikiri. Mkono wake ulikuwa unalainisha shuka, unalinyoosha kama afanyavyo mtu anayetaka kuacha kitanda safi. "Basi mwambieni huyo mwanawe ampandishe, aone naye. Mimi naondoka kesho au kesho kutwa, chumba kitakuwa wazi."

Frane hakuweka mabegi chini. Alisimama nayo pale pale, machozi yakimshuka hadi kwenye kola, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kisha akageuka, akashuka ngazi zote kumi na nne, nami nikamsikia uani akiwaambia Bohumil na Dagmar wamsamehe sana, chumba cha juu kina mgeni.