Kinamasi Kilichopumzishwa

Dama hakuwa mwanamke wa kubabaika mbele ya mtu wa ofisi ya ardhi. Yule bwana alipokuja na faili lake kinamasini, nje kidogo ya Msambweni, akamuuliza wasusi wa mikeka walikata ukindu lini mara ya mwisho, alimjibu kwa maringo.

"Huu mwaka wa pili hatujatia mguu. Tumekipumzisha."

Ndivyo walivyofundishwa na mama zao. Mikindu ikichoka, kinamasi hufungwa: ukindu haukatwi, kambare hawavuliwi, hata kuni haziokotwi, mpaka makuti yarefuke tena. Dama ndiye aliyekisimamia, na ole wake aliyeonekana huko na kisu. Alimsimulia mgeni yote hayo. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akaandika maneno mawili: hakuna watumiaji.

Maneno hayo Dama aliyakuta mwezi wa kwanza, yamebandikwa kwenye uzio wa mabati. Alikuwa amefika na wenzake sita kukifungua kinamasi, visu vimenolewa, Kache amejitwika chungu cha uji wa kunywa pamoja. Ndani ya uzio malori yalikuwa yakimwaga kifusi juu ya mikindu. Watalii walikuwa wajengewe nyumba pale.

"Shikamoo, mama," alisema Mwangangi, mlinzi kutoka bara. "Mimi nalinda geti tu. Jaribuni ofisini."

Ofisini walikwenda mara tatu. Yule bwana aliwatolea karatasi ileile.

"Lakini mama, si ni wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Hakuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililomkata Dama maini.

Masika yalipofika, maji ya juu yalishuka kuelekea kinamasini kama miaka yote. Yalikuta kifusi, yakageuka. Yaliingia kwanza kisimani, yakakijaza matope, kisha jikoni kwa Kache, kisha chumbani kwa Dama, vyura wakiogelea humo. Dama alipandisha mkeka wake wa mwisho kitandani, akaukalia.

"Sasa tufanyeje, dada?" Kache aliuliza mlangoni, maji yamemfika magotini.

Miaka yote Dama ndiye aliyejua kinafungwa lini na kinafunguliwa lini. Sasa aliyatazama maji yakipanda mguu wa kitanda.

"Ningalimwambia yule bwana tunakata kila siku," alisema. "Ningalimwambia tumekimaliza."