Presha ya Spika

...na abishe anayetaka kubisha, aje hapa mbele abishe, lakini nusu ya hawa wenye makoti meupe wanaojifanya hawamjui wameletwa na mdomo wake yeye, Spika, aliyeacha shule kidato cha pili na mpaka leo hajui figo iko mbele au nyuma, ndiyo, chuo cha uuguzi kinamlipa ashike kipaza sauti, anasimama stendi, anasimama sokoni, njooni vijana msomee afya, na wanakuja, hata yule binti aliyekuwa anazimia akiona kidole kimejikata, leo anachoma sindano kama anashona shuka, kazi ya nani, kazi ya Spika, na huyu je, huyu anayemfunga mkanda wa presha mkononi mbele ya uwanja mzima wa waliomaliza shule juzi, waliokuja kukitazama chuo, si mdogo wake wa tumbo moja, si yeye Spika aliyekuwa akimfuta kamasi, leo ana kalamu mbili mfukoni, mbili, kana kwamba moja haiandiki... "Kaka, tulia. Usiongee, ukiongea inapanda"... usiongee, aambiwe Spika asiongee, si bora umwambie jogoo, na huko nyuma kuna mmoja anapayuka, "Kumbe Spika ina swichi!" wote kwa-kwa-kwa, hata mkufunzi anaficha meno kwa mkono, haya chekeni, mtalipa karo mnacheka, na pampu inapumua fyu, fyu, mkono unabanwa kama una deni, na vidole vya dogo vinatafuta mshipa pale kwenye kiwiko, havitetemi, vimejifunza lini visitetemeke, dogo aliyekuwa akiogopa kuku... mama naye, mama siku hizi goti likimuuma hasemi goti linauma, anasema daktari wangu akija atalitazama, daktari, mwanafunzi wa mwaka wa pili, na usiku ule lilipovimba nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati, nani alibishana na mlinzi wa geti, Spika, lakini asubuhi dogo akafika na begi lake, akaligusa goti kwa vidole viwili tu, akasema mama hili tuliweke juu ya mto, mto, hata paka anajua mto, na mama akapona kwa kumtazama tu, akamgeukia Spika, "Mpishe mwenzio kiti," naye akampisha, akasimama mlangoni na kijiba chake cha roho, anatabasamu, maana Spika hakasiriki, Spika anachekesha... fssss, mkanda unalegea, dogo katoa vifaa masikioni, anatazama ile saa ya presha, anaitazama tena, haya sema, tangaza, waambie kaka yangu ana sumu ndani, lakini dogo anawageukia watu kwa sauti ya upole, ya kisomi, "Ndugu yetu katoka juani sasa hivi, ana haki ya kupumzika kwanza, kisha tunarudia, hivyo ndivyo inavyotakiwa," akamsitiri, yaani kamsitiri, na hilo ndilo linalochoma, afadhali angemuumbua apate wa kumchukia, halafu anainama kama anarekebisha mkanda, ananong'ona, "Iko juu, kaka. Umelala kweli jana?" na kabla Spika hajapata la kumtania, "Lile darasa la kuanzia, la walioishia njiani, bado linapokea. Mpaka leo jioni tu"... kana kwamba Spika hajui, si yeye anayelitangaza tangu Jumatatu, hata wewe uliyeishia njiani, mlango uko wazi, mpaka koo limekauka, na sasa pampu inaanza tena, fyu, fyu, amekatazwa kuongea na kwa mara ya kwanza anashukuru kukatazwa, kwa sababu ile hadithi yake anayoisimulia kila kijiwe, jinsi alivyomburuta dogo kwa ukosi wa shati mpaka mlango wa usaili, dogo analia anataka kurudi nyumbani, watu wanashika mbavu, hadithi ile huwa anaikata pale dogo anapoingia ndani, wala hakuna aliyewahi kuuliza baada ya hapo kulikuwa na nini, na baada ya hapo kulikuwa na mama mmoja wa ofisini aliyetoa kichwa mlangoni, akamtazama Spika vizuri, akasema, "Na wewe, mwanangu? Umekuja kusailiwa?" na Spika siku ile alikuwa amepiga pasi shati, amekata kucha, ameamka alfajiri kurudiarudia jina lake kamili mbele ya kioo, akafungua mdomo, mdomo huu unaojaza stendi, akasema, hapana mama, mimi nimemsindikiza tu, na yule mama akasema haya, akaufunga mlango taratibu, asimuumize.