Mkwe Aliyegawa Nyama

Miaka ile ya hamsini baridi ya Iringa ilikuwa bado kijana. Siku hizi imezeeka, inakohoa tu. Enzi zile ukimwita mwenzako alfajiri, jina lake huganda hewani, akalisikia jua likishapanda na kuliyeyusha. Ndiyo baridi iliyompokea Othmani aliposhuka kwenye lori kutoka Mbeya, vumbi limemfanya mweupe kama aliyefufuka, kikaango cha chuma mgongoni. Alikuwa amemfuata mkewe.

Mwanakhamisi alirudi kwao tangu mvua za mwanzo. Hakupigwa, hakutukanwa. Kosa la Othmani lilikuwa kwamba alimpikia Mmarekani mmoja wa Teksasi aliyetafuta dhahabu huko Chunya, na kambini alikaa mpaka nyumba yake ya Mbeya ikamsahau. "Mimi nimeolewa na kofia ya mzungu," alisema Mwanakhamisi siku alipofunga mzigo. Kofia yenyewe, kwa maelezo ya Othmani, ilikuwa pana hata mvua ikinyesha kuku wa kambi nzima hujibanza chini yake, na jogoo akapata pa kuwikia.

Desturi inajulikana: anayekwenda kumrudisha mke hutanguliza mzee wa kumsemea. Othmani hakuona mzee wa kumwamini kuliko ulimi wake mwenyewe. Akaamua atapika. Atawapikia wakwe kile alichofundishwa na yule Mteksasi, nyama na mboga ndani ya chapati, ambacho yeye alikiita nyama ya mkeka kwa kuwa hukunjwa kama mkeka wa kulalia asubuhi.

"Atapika?" Bi Jaha, mama mkwe, aliuliza kutoka nyuma ya mlango, maana mkwe na mkwe hawakuwa wakitazamana usoni. "Mwanakhamisi, hebu mwulize mgeni wako, kwao wanaume hawana baraza ya kukaa?"

"Mama anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie mama baraza tunayo, ila haina moto."

Akajifungia shuka kiunoni, akakaa uani penye mafiga. Nyama ilikuwa sarara, kaichagua mwenyewe sokoni huku akimsimulia mchinjaji habari za ng'ombe wa Teksasi, ambao pembe zao ni ndefu hata ng'ombe akitaka kugeuka lazima aombe ruhusa wilaya ya jirani. Aliikata vipande vyembamba, akaikamulia ndimu, akaipaka kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili iliyotwangwa, akaiacha inywe.

Mwanakhamisi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hamtazami, akavuta kigoda, akaanza kukata hoho na karoti bila kuombwa.

"Mbona unaikata nyama upande upande?" alisema, macho kwenye kisu.

"Nazikatisha nyuzi zake. Ndivyo inavyolainika."

"Ya kulainisha unayajua kwa ng'ombe tu."

Othmani alikumbuka mwaka wao wa kwanza Mbeya, chumba kimoja, mlima Loleza umechungulia dirishani kama jirani mwenye njaa, na wao wawili wamekaa hivi hivi mbele ya moto, mmoja akikata, mwingine akikaanga, wakigombania kipande cha kuonja. Kikaango kilipokolea moto akamwaga nyama, halafu vitunguu na hoho. Hata alipokuwa babu mwenye fimbo, Othmani aliapa kwamba vitunguu vya siku hizi havilii tena vile, vinanung'unika tu. Vile vya siku ile vilipiga kelele mpaka jirani akavisikia.

Jirani huyo alikuwa Liberatus, fundi cherehani, Mhehe mcheshi. Alitokea mlangoni. "Kamwene! Nilikuwa napita tu."

"Unapita huku umeshanawa mikono?" aliuliza mwenye nyumba, baba mkwe Mzee Makame. "Karibu, karibu."

Mzee Makame aliuza kanga na mafuta ya taa, lakini sifa yake mjini ilikuwa kugawa nyama. Katika nyumba ile watu walikula ugali na mchuzi, nyama ikabaki katikati ya sinia, imezungukwa kama kaburi la mtakatifu, hakuna wa kuigusa mpaka vidole vya mzee vishuke. Alijua mgonjwa apewe sehemu ipi, mgeni apewe nini, mtoto aliyeadhibiwa jana aongezewe kidogo. Walisema angeweza kuwarithisha ndugu saba ubawa wa nzi, na asiwepo wa kulalamika.

Sasa mbele yake Othmani akaweka sinia. Mikeka imepangwa vizuri, minene, inatoa moshi. Mmoja kwa mzee, mmoja kwa Liberatus, mmoja kwake. Mingine ilikuwa imeshapelekwa kwa wanawake.

Mzee Makame akakunja mkono wa kanzu. Akatafuta katikati ya sinia. Hapakuwa na kitu.

"Nyama iko wapi?"

"Imo ndani, baba. Kila mtu na yake."

"Mwanangu, mimi ni mzima?"

"Mzima kabisa, baba."

"Basi kwa nini nyama ya nyumbani kwangu imegawiwa na mtu mwingine?"

Liberatus alikuwa ameshauma. Akabaki mdomo umejaa, hajui ameze au aombe radhi.

"Nikifa," mzee akasema taratibu, "mkwe atakuja kugawa nyama hapa. Leo sijafa. Kesho lori la Mbeya linaondoka alfajiri. Wewe na kikaango chako mtapata nafasi."

Hapo ndipo Othmani alipoelewa kwamba anaondoka peke yake. Hadithi zilikuwa zimempanda kooni: kwamba Teksasi hata gavana hugawiwa na mpishi wake. Akafungua mdomo. Mwanakhamisi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anamtazama kama mtu anavyotazama mtungi ulio ukingoni. Othmani akaufunga mdomo.

Akaukunjua mkeka wa mzee, akamwaga nyama katikati ya sinia. Akakunjua wake. Akainuka, akasimama kando ya mlango wa jikoni, kichwa chini, akaomba na ile ya wanawake. Akarudi nayo, nayo akaimwaga. Kilima kikakamilika. Akalisogeza sinia lote mbele ya mkwewe, akarudi kukaa pembeni kabisa.

"Na hii yangu?" Liberatus aliuliza.

"Iliyoumwa ni ya aliyeuma," Mzee Makame akahukumu, na vidole vyake vikashuka.

Akagawa. Fungu la Bi Jaha likapita mlangoni, nono. La kwake mwenyewe lilikuwa dogo, kama ilivyo heshima. Mwishoni ikabaki chapati moja pana. Akaweka juu yake mafungu mawili, upana wa dole gumba katikati.

"Binti yangu. Hili lako, hili la huyu. Niyaunganishe au niyatenganishe? Mgawaji ni mimi, lakini tumbo ni lako."

Mwanakhamisi akasogea. "Na Chunya?" alimwuliza mumewe.

"Sirudi."

"Mzungu akikuita?"

"Aite. Atajifunza kupika."

"Isije ikawa hadithi nyingine ya Othmani."

"Siyo. Zangu huwa ndefu."

Liberatus alicheka, akapaliwa. Mwanakhamisi hakucheka. Akakaa akiyatazama mafungu yale mpaka mafuta yakaanza kuganda kwa baridi. Kisha akayasukuma kwa kidole yakawa fungu moja, akaikunja chapati kama alivyomwona Othmani akikunja, akaizungushia jani la mgomba na kulifunga kwa kamba ya mgomba.

"Mbona huli?" baba yake akauliza.

"Hii ni ya njiani."

Nyuma ya mlango, Bi Jaha akasema, "Waongezeeni chapati nyingine. Mbeya ni mbali."