Dereva wa Mak

Mwaka huu Wan Mardiah alikataa vitambaa vya Idi kabla hata mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mtaani kwake Kajang, fundi cherehani anayekataa kazi ya Idi huonekana ama tajiri ama ana wazimu, na Diah, kama wote walivyomwita, hakuwa tajiri. Wateja walinuna. Mmoja alimbwagia hariri yake mezani, akasema, "Haya, ringa. Mwakani utanitafuta wewe." Diah aliikunja vizuri akamrudishia. Idi hii alitaka kitu kimoja tu: kumpeleka mama yake, Mak, kijijini kwao Kelantan, kwa gari lake, akiendesha mwenyewe, na wafike wazima.

Kufika wazima halikuwa jambo dogo. Miaka mitatu nyuma, siku kama hizi, Diah alishona usiku na mchana bila kulala na wala hakuchoka. Alijiona fundi wa mafundi. Kila rangi ilimwita, kila wazo lilikuwa jema, na alipompakia Mak kwenda kijijini aliimba njia nzima, akiyapita malori ya magogo kwenye kona za milima huku akicheka. Mak alimsihi asikie, hakusikia, basi akaanza kupiga shahada. Gari liliishia mtaroni, kando ya shamba la michikichi. Diah hakupata hata mchubuko. Mak alivunjika mtulinga.

Hospitalini ndipo Diah alipopewa jina la kitu kilichokuwa kikimpandisha na kumshusha tangu ujana wake: bipola. Alipewa dawa ya lithiamu, na juu yake akajiwekea masharti. Kulala mapema. Kazi chache. Na siku aliyoamkia usiku mbovu, ufunguo wa gari anampelekea jirani asubuhi na mapema, bila kujadiliana na nafsi yake. Masharti hayo aliyashika kwa ukali ambao wengine hawaushiki hata kwenye swala. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu ajali ile, kila Idi Mak alipanda gari la kaka yake Diah, Wan Rahimi, na Diah alipanda basi. Hakuna aliyemsema. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwaka huu gari la Rahimi lilijaa. Kulikuwa na mkewe, watoto wanne, na mama mkwe mwenye magoti yanayotaka kunyooshwa.

"Nitapanda na Diah," Mak alisema.

"Mak, kwangu nafasi ipo."

"Ipo nafasi ya sambusa. Nimesema nitapanda na Diah."

Rahimi alimvuta dada yake uani. Alikuwa mtu mwema, ila mwema wa kukunja uso.

"Diah, sikufichi. Naogopa."

"Hata mimi naogopa, Abang, kaka yangu. Ndiyo maana nataka twende mchana."

"Mchana! Watu wote wanaondoka usiku kukwepa jua na foleni, sisi twende mchana tukabanikwe?"

"Usiku mimi ninalala."

Rahimi alikuna kichwa, akakubali. Yeye angetangulia, Diah amfuate. Akijisikia vibaya, asimame na kupiga simu. Diah aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Sasa, mpaka hapo huyu mwanamke alikuwa amefanya kila kitu kwa akili. Alikuwa amelala vizuri wiki nzima. Gari lilikuwa limekaguliwa mpaka vipangusio vya kioo. Mapazia mapya ya nyumba ya kijijini yalikuwa yamepigwa pasi na kulazwa kiti cha nyuma. Ujinga ulimjia kupitia mlango ambao hakuuwekea ulinzi, nao ni mlango wa jikoni.

Mak alilala kwa Diah usiku wa kuamkia safari ili waondoke pamoja. Wakati wa daku alikuwa ameshaamka kabla yake, amepasha wali, amekaanga samaki, ameweka na tende.

"Kaa ule, mwanangu," alisema. "Leo tunafunga wawili, kama zamani. Nilidhani sitaiona tena siku hii."

Ni hivi: Diah hakuwa akifunga. Daktari alimkataza, kwa sababu mwili ukikauka lithiamu huzidi kwenye damu, na ikizidi inakuwa sumu. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mcheshi, alikuwa amemwambia, "Wewe siku ya safari una ruhusa mara mbili, ya mgonjwa na ya msafiri. Mungu amekufungulia milango miwili, usijifanye kupita dirishani." Mwezi mzima Diah alikunywa maji yake nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo, akimeza taratibu koo lisisikike. Mak hakujua. Alijua tu kwamba binti yake anakunywa dawa ya kumtuliza.

Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema, tena fupi. Lakini Mak alikuwa anamchambulia miiba ya samaki kama mtoto, uso wake umechangamka, na Diah aliona haya. Akajiambia siku moja haiui. Akala daku, akanywa glasi mbili za maji, akatia nia. Akanawa mikono, akachukua ufunguo.

Safari ilianza vizuri mno. Waliivuka milima ya Genting ukungu ukiwa bado haujatoka mabondeni, Rahimi mbele, Diah nyuma, mwendo wa wastani. Mak alikuwa na la kusema juu ya kila dereva.

"Mwone huyo! Anakimbilia rendang ya nani? Nyama yenyewe bado inatembea."

"Mak, usinichekeshe, naendesha."

"Na huyu mwenye gari jeupe, amebeba kochi juu ya paa. Anahama au anakwenda Idi?"

Diah alicheka. Aliona raha, raha ya kawaida isiyopaa popote, ya mtu anayeendesha gari na mama yake kando. Alijipima kidogo, kama alivyozoea: mawazo yanakimbia? Hapana. Anataka kuimba? Kidogo, ila si kwa sauti. Alhamdulillahi.

Walipopita Kuala Lipis foleni ilikaza. Jua lilipanda, kiyoyozi kikaanza kutoa upepo wa vuguvugu, na kando ya barabara wauza lemang, wali unaopikwa ndani ya mianzi, walikuwa wakiigeuza mianzi yao motoni, moshi ukiingia garini. Magari yalisogea, yakasimama, yakasogea. Mdomo wa Diah ulikauka. Hilo hakulijali, mdomo wa mfungaji gani haukauki? Kisha akaona mikono yake.

Mikono yake ilitetemeka siku zote, kidogo. Ndiyo dawa. Hata hivyo sindano aliitia uzi bila miwani. Mtetemeko wa sasa ulikuwa mwingine, mkubwa, usukani wenyewe ulikuwa unauhisi. Tumbo lilimchafuka. Alipokodoa macho, mstari mweupe wa katikati ya barabara ulikuwa miwili.

Alijua maana yake. Kliniki walikuwa wamemsomesha dalili hizo mpaka akazikariri. Lakini mji wa Gua Musang, ambako wangepumzika, haukuwa mbali, na akisimama hapa Rahimi atasema nilikwambia, na Mak atahamishiwa gari la sambusa, na Idi zote zitakazokuja Diah atakuwa mtu wa basi. Vumilia kidogo, alijiambia. Kidogo tu.

Foleni ilifunguka. Mbele kulikuwa na lori la magogo likijikongoja mlimani, na Rahimi alilipita, akawasha taa kumwita dada yake. Diah alitoka kulia kumfuata. Gari dogo lilikuwa linakuja kutoka mbele. Alidhani liko mbali. Halikuwa mbali. Alirudi nyuma ya lori kwa kishindo, honi zikalia mbele na nyuma.

Mak hakupiga kelele. Ila mkono wake ulikuwa umepanda kwenye mtulinga, umeushika mfupa ule ulioungwa.

Diah aliuona ule mkono, na hesabu zake zote za Rahimi na basi zikaisha hapo hapo. Akawasha taa ya kushoto. Kituo cha mafuta kilikuwa kinaonekana chini ya mteremko. Aliingia taratibu, akaegesha kivulini, akazima injini, akauchomoa ufunguo na kuuweka juu ya paja la mama yake.

"Mak, siendeshi tena. Siwezi."

"Umechoka?"

"Dawa yangu inataka maji. Nisipokunywa maji inanigeuka. Sikutakiwa kufunga, Mak. Mwezi wote sikufunga. Nimefunga leo tu."

"Nani amekwambia ufunge leo?"

"Wewe."

Mak akawaka.

"Mimi! Mimi nilikupikia wali, sikukupikia sumu! Miaka mitatu naona unameza vidonge, hujaniambia vinataka maji? Mimi ni mama yako au mteja aliyekuja kupimwa kanzu?"

"Niliona haya."

"Haya! Ungeniua kwa haya, mtoto wewe. Tena ungekufa wewe kwanza, mimi nikabaki kuelezea watu. Mficha maradhi kilio humfichua, hujasikia? Kaa hapo."

Alishuka akaingia dukani, bibi wa watu, ushungi mweupe mpaka kiunoni, akatoka na chupa mbili kubwa za maji adhuhuri ya Ramadhani. Kijana wa kaunta alimtumbulia macho.

"Unaangalia nini? Hujaona msafiri?"

Diah aliipokea chupa, akageukia ukuta ili watu waliokuwa wakielekea msalani na kwenye chumba cha swala wasimwone. Mak alimshika bega akamgeuza.

"Kunywa kama mtu. Hukuiba. Akija ofisa wa dini kukamata wanaokula mchana, ataanza na mimi."

Yeye mwenyewe hakunywa. Alisimama na mwavuli wake, saumu yake shingoni, akimkinga binti yake jua na kumkodolea macho kila aliyepita, mpaka watu wakawa wanazunguka mbali. Diah alikunywa huku machozi yanamtoka, kisha akampigia kaka yake simu kama alivyoahidi.

Rahimi aligeuza. Sifa yake apewe, hakusema nilikwambia. Aliifungua midomo, akamwona Mak, akaifunga. Aliiacha familia yake kituoni, akawapeleka Mak na Diah hospitali ya wilaya kwa gari la Diah. Damu ilipimwa. Daktari alisema dawa imezidi kidogo, haijafika pabaya, ila angeendelea na joto lile mpaka jioni ingefika. Aendelee kunywa maji, apumzike, kidonge cha usiku akiache, na leo asiguse usukani. Kesho asubuhi wampime tena ndipo aruhusiwe.

Walirudi kituoni mama mkwe akiwa ameshalala, watoto wakiwa wameshapigana. Rahimi alianza kupanga watu garini.

"Mdogo atakaa mapajani kwa mama yake. Mak utaingia hapa, utabanana kidogo. Diah alale nyumba ya wageni, mimi nitamfuata kesho au apande basi."

"Rahimi," Mak alisema, "nenda. Usinisubiri."

"Mak unasema nini?"

"Nina dereva wangu. Amesema leo haendeshi. Namsubiri."

"Mak, samahani, lakini leo nusura..." Alishusha sauti, na Diah alisikia kila kitu. "Mwaka ule uliapa kwamba hutapanda tena gari lake. Mimi ndiye niliyekubeba. Umesahau?"

"Nisahau vipi, na mfupa unaniuma kila mvua ikinyesha? Mwaka ule nilimlilia asimame, hakusimama. Leo mimi sijasema kitu, na amesimama. Wewe hapo, kwenye foleni hii, na watoto wanalia, na usingizi wako wa daku, ungesimama?"

Rahimi alimtazama mama yake, akamtazama dada yake, akacheka bila kutaka. Alikwenda dukani akaleta chupa nyingine za maji, akazipanga nyuma, juu ya mapazia yaliyopigwa pasi, na Diah hakuthubutu kumkemea. Kisha akaondoka na sambusa zake.

Walilala nyumba ya wageni jirani na kituo, na Diah alilala usingizi mzito usio na deni. Asubuhi walikwenda hospitali kwa teksi, Diah akapimwa, akaruhusiwa, akanywa chai mezani mbele ya mama yake anayefunga. Wote wawili waliona ajabu kidogo, kisha hawakuona. Waliondoka jua likiwa limeshakausha umande. Diah aliendesha polepole, malori yakampita, hata basi la shule likampita, na hakujali.

Kuna jambo Rahimi alikuwa amemwambia zamani, na Diah hakuwahi kulisema kwa mtu: tangu ile ajali Mak hajawahi kufumba macho ndani ya gari, hata la Rahimi, hata safari iwe ndefu vipi. Hukaa wima, macho barabarani, mpaka kijijini.

Walikuwa hawajatoka mjini vizuri Diah aliposikia sauti. Aligeuza jicho mara moja, akalirudisha mbele. Mak alikuwa ameegemea dirisha, ushungi umemwendea upande, mdomo wazi. Alikuwa anakoroma.

Diah alipunguza mwendo zaidi, asimwamshe.