Mikrobe ya Manjano

«Dada Emerance, usisumbuke,» Rodrigue aliniambia asubuhi ya jumatatu, mara tu nilipoingia mu labo. «Courant ya umeme ilikatika jumamosi, frigo ikaanza kutoka jasho. Nikachukua mikrobe zako zote nikazipeleka mu etuve. Kule iko batri ya jua. Ziko pazuri.»

Etuve ni sanduku yenye inalinda joto sawa ya mwili ya mutu. Rodrigue alifanya kazi miaka mingi ku hospitali, na huko kila mikrobe inatoka ku mugonjwa, inapenda joto. Lakini zangu zilitoka mu barafu ya bahari, kule mwisho ya dunia, ku ncha ya kaskazini. Zile zinapenda baridi. Ukizipasha moto, zinakufa.

«Weye Rodrigue, uko na akili kweli? Nani alikuomba musaada?»

Hasira ilikuwa imenipanda. Profesa Micheline alinipa hizo mikrobe nipange kila moja mu jamaa yake. Zote zilipata jamaa, isipokuwa moja ya manjano. Nilitafuta mu vitabu yote ya mikrobe za baridi, sikuiona. «Kama ni mupya kweli,» profesa alisema, «ni weye utaipa jina, na ni hiyo itakufungulia mulango ya udaktari.» Mama alishatangaza ku kanisa. Mimi nilishachagua jina ya baba, Marcellin, mwenye hajaona barafu ingine isipokuwa ile ya samaki ya Tchomia, ku ziwa.

Nikashika mulango ya etuve. Akiba iko kwa profesa, nikajituliza, zikikufa tutapanda zingine. Hapo mukono ikasimama. Wazo ingine iliniingia, mubaya kupita ile ya kwanza: na kama ile ya manjano haikukufa? Kitu ya barafu haiwezi kuota mu joto ya mutu. Nikaanza kuomba ikufe. Bwana Yesu, ikufe tu.

Sahani ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Zingine zote nilizopanda ijumaa zilikuwa tupu. Ya mwisho ilijaa manjano, nene, kama siagi.

«Unaona?» Rodrigue alisema na furaha. «Hii ilipona.»

Nilikaa chini. Sasa nilielewa juu ya nini ilikuwa inaota zile siku courant inakatika tu na frigo inapata joto. Mimi nilikuwa nafikiri iko na kichwa nguvu. Nikavua gant ya mukono, nikagusisha kidole ku sahani mupya, nikaiweka mu etuve. Siku mbili ikapita, kisha ikatoka manjano ileile, na mu mikroskopi ileile, inashikana mafungu ya ine ine. Mikrobe yangu ilitoka ku ngozi yangu.

Simu ikalia. Ilikuwa profesa Micheline.

«Emerance, niko nangojea jina. Niandike gani?»

«Usiandike, profesa. Haikutoka ku barafu. Ni ya mukono yangu.»

Akasema tutaongea kesho.

Nilifika nyumbani na haya mpaka ku masikio. Baba alikuwa amekaa ku barza, amevaa shati yake ya kanisa juu ya wageni, na mbele yao wote akaniuliza mikrobe yake inaendelea namna gani.

«Iko muzima, papa,» nikamujibu, nikapita ndani.