Sauti ya Mgeni

Wewe ungeambiwa sauti yako kwa mumeo ni sifuri, macho yako ungeyapeleka wapi? Fundi cherehani aliyapeleka kwenye pindo la gauni lake, akauvuta uzi uliochomoza.

Mumewe hakuwa ametamka neno tangu apooze, miezi na miezi. Asubuhi hiyo walimlaza ndani ya ile mashine kubwa inayopiga picha za ubongo, wakamsikilizisha sauti mbili kwa zamu, ya mkewe na ya mtu baki, na katikati kimya. Sasa binti anayezisoma picha hizo alikuwa amemgeuzia kompyuta aone.

"Sifuri," fundi akasema. "Basi hanijui tena."

"Subiri kwanza, mama. Hii si namba ya sauti yako, ni tofauti. Tumechukua ubongo ulivyochangamka kwa sauti yako, tukatoa ulivyochangamka kwa ya mgeni. Wewe ukilaza miguu miwili ya suruali pamoja ikatoka sawa, utasema suruali haina miguu?"

Fundi akacheka bila kutaka. "Mteja angenirushia usoni."

"Ila nashangaa. Huyo mgeni uliyetuletea sauti yake ni nani?"

Uzi ulikuwa umeshamzunguka kidole.

"Wifi yangu."

"Dada yake? Mama! Si tulisema mtu asiyemjua?"

"Ningemtoa wapi, mwanangu? Kwetu haji mtu. Hata wateja siku hizi wananiachia vitambaa mlangoni. Nilimpigia wifi simu, nikamrekodi."

Binti hakumcheka. Akabonyeza hapa na pale, akailinganisha sauti ya fundi na kile kimya. Namba ikapanda, na pichani sehemu ya kusikia ikawaka kama kaa lililopulizwa.

"Anakusikia. Lakini nisikudanganye, mama: kama anakujua, kama anakupenda, namba hii haisemi. Kwani ulirekodi maneno gani?"

"Yale yale ya kila siku. Fungua mdomo. Meza. Geuka."

Jioni, nyumbani, alimgeuza mumewe, akamfuta mdomo, akaketi kwenye cherehani. Mguu ukagoma kukanyaga. Akaiburuta stuli mpaka kitandani, karibu kabisa na sikio lake, akatupa jicho mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa. Hapakuwa na mtu wa kumsikia.

"Mwenzangu," akasema, "uko hapa hapa, na bado nina hamu nawe."